Kula Kwanza, Kuponya Baadaye: Siku Zetu za Mwanzo Ng'ambo ya Songwe

Familia nyingine ya ushirika wetu hapa Mbeya inajiandaa kwenda kutumika Malawi, na mama wa familia hiyo amekuwa akinivuta pembeni karibu kila Jumapili baada ya ibada. Anauliza juu ya vyandarua, shule, pesa. Ni maswali ya msingi na nitayagusa humu. Lakini kuna swali ambalo watu wachache hulifikiria kabla ya safari, nami nataka kulikalia zaidi: mtu aliyetumwa kufanya kazi aishi vipi katika siku zile ambazo kazi bado haijaanza? Kwetu siku hizo zilikuwa nyingi, na nikitazama nyuma naona ndizo zilizobeba huduma yote iliyofuata.

Tuliondoka Julai 2023. Mimi ni muuguzi mkunga. Mume wangu ni fundi wa maji ya mserereko, kazi aliyojifunzia kwenye milima ya Rungwe, ambako maji hushuka yenyewe kutoka chanzo hadi kijijini bila injini. Tulikuwa na watoto wawili, binti aliyekuwa darasa la tano na mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Waliotualika ni ndugu wa CCAP, kanisa la Kipresbiteri lililoundwa mwaka 1924 presbiteri za Livingstonia na Blantyre zilipoungana, na kituo chao cha afya kiko nyanda za juu, kusini mwa Karonga. Wakati ule nchi yao ilikuwa imepitia kipindupindu kibaya kuliko chochote walichowahi kuona. Kilianza Machi 2022, na kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700. Kituo kilikuwa na bomba la zamani ambalo leo linatoa maji, kesho halitoi. Waliomba mkunga na fundi wa maji. Kwetu vyote viwili vilikuwa katika nyumba moja, na tuliuona mkono wa Mungu humo.

Njia yenyewe haina maajabu kwa mtu wa Mbeya. Uyole, Tukuyu, halafu mteremko unaozidi joto hadi Kasumulu, unagonga mihuri, unavuka daraja la Mto Songwe, na uko Malawi. Barabara yao kuu, M1, inashuka Karonga na kulifuata ziwa. Kwenye soko la Karonga nilimsikia mama muuza samaki akimshukuru mteja kwa neno lilelile la kwetu, ndaga, kwa sababu Wangonde na Wanyakyusa lugha zao ni ndugu. Samaki tunayemwita mbasa Kyela wao wanamwita mpasa. Wafanyabiashara wengi pale wanakuelewa ukisema Kiswahili. Tulikuwa tumebeba gunia la mchele wa Kyela kama zawadi, nasi tukakuta Karonga nao wanalima mchele wao mzuri unaoitwa Kilombero, jina la bonde la kwetu. Mwenyeji wetu alifurahi mno. Jioni ile ilipikwa sufuria ya huu na sufuria ya ule, watu wakaonja na kubishana kwa furaha mpaka usiku.

Kwa hiyo mtu anaweza kujiona kama yuko nyumbani bado. Ukaribu huo ni baraka, lakini una kazi yake. Unapokwenda nchi ya mbali unajua kabisa kwamba hujui kitu, unauliza kila jambo. Ukienda kwa jirani, mambo tisa yanafanana na la kumi halifanani, na hakuna kinachokuonya. Tukishapita Chitimba na kuanza kupanda kwenye ukingo wa bonde, Kingonde kiliisha na Kitumbuka kikaanza. Pale binti yetu alinishika mkono akasema, "Mama, sasa sisikii hata neno." Nilimwambia tutaanza na salamu. Mwawuka uli, ndiyo ya asubuhi. Yewo, ndiyo ya kushukuru. Alizirudia njia nzima kwa sauti ya chini akitazama dirishani.

Halafu kuna saa. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na saa yenyewe wanaihesabu kwa namna ya Kizungu. Ibada ya "naini" ni saa tatu kwa saa yao na saa nne kwa saa ya Mbeya. Mkubwa hurekebisha simu akamaliza. Mwili wa mtoto haurekebishwi hivyo. Kijana wetu alikuwa macho giza likiwa bado zito, na jioni alisinzia kabla chakula hakijaiva. Kwa wazazi wanaokwenda na wadogo nasema, siku za mwanzo msipange jambo lolote la jioni. Mlale mapema wote. Mtoto aliyelala vizuri ataisalimia dunia mpya kwa uso mzuri, na uso wake utawafungulia milango ambayo barua ya askofu haifungui.

Tulipofika, akina mama wa Umanyano walikuwa wanatungoja. Umanyano ni umoja wa wanawake wa CCAP huku kaskazini, kama umoja wa akina mama kwetu. Walikuwa wameifagia nyumba, wameleta kuni, ndoo za maji na kuku wawili waliofungwa miguu. Walipiga magoti kutusalimu, nami nikapiga magoti kuwaitikia, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa Unyakyusani halihitaji kufundishwa. Kisha wakatuimbia. Kwao nyimbo nyingi za ibada zilitungwa na Wakristo wa kwanza wa hukohuko, kwa sauti na mwendo wa ngoma za kwao, na hilo linasikika. Hazina ule mwendo wa nyimbo zilizoletwa na meli. Zinaanzia kwa mmoja, zinazama, zinapokelewa. Mume wangu ni mwimba besi. Alikaa pale amefumba macho.

Asubuhi yake nilivaa gauni langu jeupe na kwenda kituoni. Mganga mfawidhi, mtu mpole na mwenye utaratibu, alinipokea vizuri, akaniambia jambo ambalo barua zilikuwa zimeligusia tu: huwezi kumgusa mgonjwa mpaka Baraza la Wauguzi na Wakunga la Malawi likusajili. Karatasi zangu zilikuwa Lilongwe, mbali kusini, zikisubiri uthibitisho wa leseni yangu kutoka baraza letu la Tanzania. Alikuwa sahihi kabisa. Sheria hiyo inamlinda mama anayejifungua, nami nisingetaka mkunga asiyejulikana aingie wodi yangu. Nililivua gauni, nikafunga kitenge, nikauliza ni wapi naweza kukaa.

Alinionyesha nyumba ya kusubiria.

Vituo vingi Malawi vinayo. Mjamzito wa kijiji cha mbali huja wiki kadhaa kabla ya siku zake, akakaa hapo karibu na mkunga, badala ya uchungu kumkuta usiku njiani. Mwaka 2012 Rais Joyce Banda aliifanya kuwa ajenda ya taifa, akiwashirikisha machifu kuhimiza wanawake wasijifungulie nyumbani. Pembeni yake huwa kuna makazi ya walezi, yaani ndugu waliokuja kumpikia na kumfulia mgonjwa. Kwetu pia ndugu huja hospitalini, lakini sijawahi kuona mahali ambapo ulezi huo umepewa jengo lake, majiko yake na utaratibu wake kama kule.

Nilikaa pale siku baada ya siku. Kulikuwa na agogo mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, aliyekuja na mjukuu wake wa uzao wa kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika kondowole, ugali wa muhogo. Nilikuwa najua ugali wa muhogo, lakini wa kwake ni mwingine. Maji yalipochemka vizuri alitia unga, akaiteremsha sufuria chini, akaniambia kwa ishara niishikilie kwa vipande viwili vya kanga zilizokunjwa. Yeye akaingia na mwiko kwa mikono miwili, miguu ameitanua, mgongo umeinama. Hakukoroga, alivuta. Alivuta ule ugali kutoka upande mmoja, akaukandamiza upande wa pili, tena na tena, mpaka rangi ikageuka kutoka nyeupe ya unga kuwa ya kijivu inayong'aa, na ukawa unanyumbuka bila kukatika. Jasho lilimtoka. Nilipojaribu mimi, mwiko uligoma katikati, na wale wasichana wote wenye mimba kubwa walicheka mpaka wakashika matumbo. Tuliula na usipa, wale dagaa wa ziwa, na nyanya. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa jiko lile.

Ni jikoni pale nilipojifunza kusoma madaftari yao. Malawi kila mtu ana daftari lake la afya, wao huliita pasipoti ya afya. Analitunza mwenyewe, na kila mganga anayemwona huandika humo. Wanawake walikuwa wanayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyakunjia ndani ya kitenge kiunoni. Wakitaka mazungumzo walinitolea. "Soma hapa, walisema nini?" Sikuwa na haki ya kupima, lakini kusoma si kupima. Nilisoma miaka ya watu. Mimba ya kwanza, mtoto hai. Ya pili, safari ilichelewa. Ya tatu, damu nyingi. Yale ambayo wodini mkunga huyapitia haraka kwa macho huku mama akiugulia, mimi niliyasoma taratibu, mwenyewe akiwa ameketi kando yangu anachambua mboga, akiongeza yale ambayo daftari halikuandika: mto ulikuwa umejaa, baskeli ya kabaza, ya kubebea abiria, ilipasuka gurudumu, mume alikuwa Afrika Kusini. Nilipokuja kusajiliwa na kuingia wodini, wanawake kadhaa niliowapokea niliwajua kwa majina, nilijua wanachokiogopa, nao walijua sauti yangu. Mkunga yeyote anaelewa maana ya hilo kwa mama aliyeshikwa na uchungu.

Mume wangu yeye hakuzuiwa na baraza lolote, ila naye alianza polepole kwa kutaka kwake. Barua za awali zilizungumzia mabomba mapya. Badala ya kufungua vifaa, aliomba aitembee njia nzima ya maji kwa miguu pamoja na mzee aliyekuwa mwangalizi wa bomba lile tangu likiwa jipya. Malawi ina historia ndefu ya maji ya mserereko. Mradi wa Chambe kule Mulanje, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa wanakijiji kuchimba mitaro wenyewe, ulikuwa mfano kwa nchi nyingi. Mzee alikuwa mtu wa kizazi hicho. Walitoka alfajiri na viazi vya kuchoma.

Nilienda nao siku moja nikaona mwenyewe. Mahali ambapo bomba la chuma linavuka korongo likiwa wazi, mzee aliokota kijiwe, akagonga, akaweka sikio. Akasogea hatua chache, akagonga tena. Akamwita mume wangu aweke sikio. Penye maji mlio ni mzito na mfupi. Penye hewa unarudi na kukawia. Walitembea hivyo, wakigonga na kusikiliza, mpaka kwenye nundu moja ya kilima ambapo hewa ilikuwa imenaswa. Kila kiangazi maji ya chanzo yakipungua, bomba huvuta hewa, hewa hukusanyika kwenye nundu ile na kuyazuia maji yaliyo nyuma yake. Kulikuwa na vali ya kutolea hewa pale zamani, ilikuwa imefukiwa na udongo wa mvua nyingi. Mzee alijua ilipo, akachimba kwa jembe fupi akaipata. Mabomba mengi ya chini yalikuwa mazima. Ile safari ya kusikiliza iliokoa pesa ambazo ushirika wetu ulizichanga kwa jasho, na zile zilizobaki zikaenda kwenye tangi la kituo.

Watoto. Hapa nataka niseme polepole, kwa sababu wazazi wengi huwahesabu watoto kama mzigo wa ziada katika safari ya huduma.

Tulipokwenda kumwamkia mkuu wa kijiji, tulikaa kwenye mkeka, tukatoa kitu kidogo tulichokwenda nacho, tukajieleza. Aliwatazama watoto kwa muda, akasema kupitia kwa mchungaji kwamba wageni wanaokuja peke yao huja kuangalia, lakini aliyeleta watoto wake amekuja kukaa. Neno hilo lilizunguka kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo. Mtu anapomleta mwanawe alale chini ya paa lenu, anywe maji yenu, acheze na watoto wenu, amewaamini kwa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Nao wakatuamini.

Lakini mtoto hajui kwamba yeye ni alama ya imani. Usiku wa mwanzo mwanzo kijana wetu alilia akitaka kurudi kwa bibi. Hakutaka hadithi, hakutaka biskuti. Baba yake alimbeba akatoka naye nje wakae barazani, wakatazama nyota, na aliporudi aliniambia amemruhusu aombe anachotaka. Aliomba Mungu aturudishe Mbeya kesho. Tuliitika amina, wote wawili, kwa sauti. Nilikuwa na uchungu moyoni, lakini naamini mtoto anayeruhusiwa kumwambia Mungu ukweli mbele ya wazazi wake anajifunza imani kuliko anayefundishwa kusema anafurahi. Aliomba hivyo usiku kadhaa. Halafu akaanza kumwombea rafiki yake mpya, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa na kidonda mguuni.

Urafiki ule ulitokana na bao. Kwao linaitwa bawo, na wazee hulicheza chini ya mti karibu na duka. Mashimo ni yaleyale 32, kete zilezile 64. Babu yake upande wa baba alikuwa amemfundisha kijana wetu akiwa bado anajikwaa kutembea. Mchana mmoja alisimama nyuma ya mchezaji, akaona nafasi, akanyoosha kidole. Wazee walinyamaza. Mmoja akamfanyia nafasi kwenye gogo. Hakujua neno la Kitumbuka zaidi ya salamu, lakini kete alizijua, na watoto wa wazee wale walianza kumfuata nyumbani.

Binti yetu alikuwa na mlima mrefu zaidi. Shule ya msingi Malawi ina madarasa manane na masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na Chichewa ni somo. Yeye alitoka shule ya serikali ya Kiswahili. Tulimwomba mwalimu mkuu amruhusu akae darasani bila kupimwa kwa muhula uliobaki, akakubali. Kwenye somo la jiografia alikuta ziwa alilolijua kama Ziwa Nyasa limeandikwa Ziwa Malawi, na mpaka umechorwa ufukweni mwa upande wa Tanzania badala ya katikati ya maji. Alikuja nyumbani amefadhaika. Baba yake alimweleza kwamba jambo hilo lilianza na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, kwamba nchi zetu mbili hazijakubaliana mpaka leo, kwamba wazee wa mataifa wanalizungumza, na kwamba pale darasani yeye ni mgeni, ajifunze ramani ya wenyeji wake na kuiheshimu. Aliichora vizuri sana. Mwalimu aliibandika ukutani.

Sasa nimfikie mzee mmoja wa kanisa la kule, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa macho ya kuyaona haya yote pamoja.

Alitualika kula kwake Jumapili baada ya ibada. Mume wangu, kwa moyo mzuri, alisema jinsi tunavyomshukuru Mungu kwa nafasi ya kuwatumikia. Mzee alinawa mikono, akatusubiri tunawe, halafu akauliza kama tunajua Injili ilifikaje Rungwe. Tulijua: wamisheni wa Kimoravian, mwaka 1891. Akauliza walipita wapi. Walipita humu, kwa njia ya ziwa. Akauliza, vita ya Wajerumani ilipokuja na wamisheni wenu wakaondolewa, nani aliwatunza washirika waliobaki bila wachungaji? Hapo mimi nilinyamaza, lakini mume wangu alilijua jibu kwa bibi yake. Ni Livingstonia. Ni kanisa hili. Walituma watu wao kuvuka Songwe, wakabatiza, wakafundisha, wakazika, hadi wamisheni wenyewe waliporudi. Mzee akasema babu yake alikuwa mmoja wa waliobeba mizigo ya safari zile. Hakusema kwa kujivuna. Akasogeza bakuli la mboga upande wetu akasema, kuleni, nyumba hii mmeingia zamani.

Nilisoma tena Luka 10 usiku ule. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kwenye ibada za kutuma watumishi, na kila mara sauti inapanda pale Bwana anaposema waponyeni wagonjwa. Lakini tazama mpangilio wake. Mstari wa nane anawaambia wakikaribishwa mjini, wale vitu watakavyowekewa. Kuponya kunakuja mstari wa tisa. Wanafunzi wale walikuwa na uwezo wa kuponya tangu walipotoka, bado Bwana aliwaweka mezani kwanza, mikono yao ikiwa ndani ya bakuli la mtu mwingine. Mimi ni mtu wa hospitali. Nimezoea kuwa ndiye ninayetoa. Kukaa wiki nzima nikipikiwa, nikiletewa kuni, nikifundishwa kushika mwiko na bibi asiyejua kwamba nina stashahada, kulifanya kitu ndani yangu ambacho semina ya maandalizi haikukifanya. Kunamweka mtumishi mahali pake. Na kunampa mwenyeji heshima ya kutoa, ambayo tukiingia na maboksi na ratiba tunamnyang'anya kabla hajafungua mdomo.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naipenda methali hiyo, lakini jembe hupewa, halidaiwi. Mwenyeji ndiye anayejua siku ya tatu imefika.

Ndiyo maana nililipeleka jambo hili kwa kamati ya misheni ya ushirika wetu. Utaratibu ulikuwa kwamba aliyetumwa apeleke taarifa mwisho wa mwezi wa kwanza, yenye idadi ya waliohudumiwa na picha za kazi. Naelewa sababu: watu wamechanga, wana haki ya kujua. Lakini taarifa ya namna hiyo humsukuma mtumishi aianze kazi kabla hajapokelewa, ili apate cha kuandika. Taarifa yangu ya kwanza ilikuwa na majina ya wazee tuliowaamkia, habari za nyumba ya kusubiria, safari ya bomba na maombi ya mwanangu. Mzee wa kamati aliisoma mbele ya ushirika wote, na sadaka ya mwezi ule haikupungua. Nimeomba familia inayoondoka sasa isidaiwe idadi yoyote katika taarifa ya kwanza, na kamati imekubali.

Basi mama mwenzangu, maswali yako mengine. Pesa: M-Pesa ya Tanzania usiitegemee ukishavuka, wao wanatumia Airtel Money na Mpamba ya TNM, sajili laini mapema. Usibadilishe kwacha nyingi kwa mkupuo, maana Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44 na bei zikapanda madukani ndani ya muda mfupi. Petroli huadimika, kwa hiyo mkipata usafiri wa kwenda mjini siku fulani, nendeni siku hiyo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano za familia nzima ziwe pamoja mahali pamoja. Vyandarua chukueni, hasa mkilala Karonga, ambako joto na mbu ni vingi. Matokeo ya shule ya watoto yatafsiriwe na kugongwa muhuri kabla hamjaondoka. Na barua ya baraza la uuguzi anza kuifuatilia Jumatatu hii hii. Hata ukianza leo itachelewa, na ikichelewa, ulizia jikoni kwa walezi, kuna mama atakayekuwa anahitaji mtu wa kumshikia sufuria.